Gari la Moshi Lisilo na Moshi: Hewa Safi na Haki ya Mwananchi wa Kibakwe

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wawakilishi wa vijiji, Kibakwe

Lugha yetu hutunza kumbukumbu. Wazee wetu walipoona kwa mara ya kwanza lile dude la chuma likivuta mabehewa katika nchi ya Ugogo, hawakulipa jina kwa sababu ya mwendo wake wala nguvu zake. Walilipa jina la kile kilichoonekana kutoka mbali kabla ya kitu kingine chochote: gari la moshi. Watoto wetu wa leo husema treni, na wanaopanda ile mpya pale Dodoma husema treni ya umeme. Kati ya majina hayo mawili imepita zaidi ya miaka mia moja. Mada yetu ya leo inahusu badiliko hilo: kuondolewa kwa injini zinazotoa moshi na kuwekwa nyingine zisizotoa, na maana yake kwa hewa tunayovuta.

Tunajua kwamba baadhi yenu mmejiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani ilete somo hili Kibakwe. Reli haipiti hapa. Anayetaka kupanda treni hana budi asafiri hadi Gulwe, na wakati wa masika safari hiyo yaweza kumchosha kuliko ile ya treni yenyewe. Basi moshi wa injini iliyoko Gulwe au Dodoma unatuhusu nini? Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho. Tunakusudia kuonyesha kwamba treni isiyo na moshi imefungamana na milima yetu, mito yetu na majiko yetu, na kwamba wale wanaochangia hewa safi ya wenzao wana haki ya kupata sehemu yao.

1. Reli ya Kati na injini zake

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika upande wetu ilifuata bonde la mto Kinyasungwe, ikapita Godegode, Gulwe na Msagali kabla ya kuingia uwanda wa Dodoma. Injini za wakati ule zilikuwa za mvuke. Maji yalichemshwa ndani ya tangi kubwa la chuma kwa moto wa kuni, makaa ya mawe au mafuta mazito, na mvuke huo ndio uliosukuma magurudumu. Moshi ulitanda juu ya mabehewa, na abiria aliyekaa karibu na dirisha alifika safari yake akiwa na masizi usoni.

Kisha zikaja injini za dizeli, ambazo zilichukua nafasi ya mvuke hatua kwa hatua, hasa kuanzia miaka ya 1960. Yalikuwa maendeleo ya kweli. Injini ya dizeli haikuhitaji kusimama kila mara kujaza maji, jambo kubwa katika nchi kavu kama yetu. Ilifanya kazi ile ile kwa kutumia mafuta machache zaidi, na moshi wake ulikuwa mwepesi kuliko ule wa mvuke. Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli Tanzania likaundwa, ni injini za namna hiyo zilizoendelea kubeba nchi mgongoni: karanga na mahindi, ng'ombe na chumvi, wanafunzi, wagonjwa na askari.

Kwa hiyo hatukuja hapa kuitukana dizeli. Tena hatuna budi kusema jambo ambalo husahauliwa. Tani moja ya mzigo inayovutwa na treni, hata kama ni ya dizeli, hutumia mafuta machache sana kuliko tani hiyo hiyo ikipakiwa kwenye lori, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halisuguani sana kama tairi juu ya lami. Mtu akisema tuziache treni za dizeli zife, na mizigo ihamie barabarani mpaka umeme utakapofika kila mahali, huyo ataongeza moshi badala ya kuupunguza.

2. Kilichomo ndani ya moshi wa dizeli

Wengi wetu hudhani kwamba moshi ni adha ya macho na pua tu. Ukweli ni kwamba moshi wa dizeli una masizi yaliyogawanyika katika chembe ndogo mno. Zile zinazotia hofu zaidi zina upana usiofikia sehemu mbili na nusu za elfu moja za milimita, yaani ndogo takriban mara thelathini kuliko unene wa unywele wa mtu. Chembe hizo hazizuiliwi na pua. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Pamoja nazo hutoka gesi zenye naitrojeni, ambazo huwasha njia za hewa na kuzidisha pumu. Mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitamka kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani ya mapafu kwa binadamu.

Kwa upande wa mafuta yenyewe, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hiyo ilikuwa hatua njema. Hata hivyo mafuta masafi yakitiwa ndani ya injini iliyochakaa, masizi hutoka vile vile.

Sasa tuulize: ni nani anayevuta moshi huo? Abiria huuvuta kwa saa chache kisha akaenda zake. Dereva wa treni na msaidizi wake huuvuta miaka yote ya kazi. Fundi wa karakana huuvuta ndani ya banda lililofungwa. Kuli anayepakia magunia huuvuta. Na pale stesheni, injini inapongojea njia huku ikinguruma bila kuzimwa, mama anayeuza mihogo na mayai ya kuchemsha husimama kando yake, mtoto akiwa mgongoni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechagua kuumwa kifua. Ni riziki iliyowaweka pale.

Hapo ndipo suala la hewa linapokuwa suala la haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye kulinda afya. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilitambua mazingira safi kuwa haki ya binadamu. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wakazi wa mijini peke yao.

3. Treni ya umeme inavyofanya kazi

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba hata injini ya dizeli ya reli huendeshwa na umeme. Katika injini nyingi za namna hiyo, dizeli huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huzungusha mota zilizofungwa kwenye magurudumu. Ni sawa na kinu kidogo cha umeme kilichopandishwa juu ya magurudumu na kupelekwa huku na huko pamoja na moshi wake. Treni ya umeme ina mota kama hizo, lakini haibebi kinu chake. Inachukua umeme katika waya uliotandazwa juu ya njia. Tena inapopunguza mwendo, mota zake zaweza kugeuka na kuzalisha umeme badala ya kuutumia.

Katika nchi yetu, jiwe la msingi la reli hiyo ya kisasa liliwekwa na Rais John Pombe Magufuli tarehe 12 Aprili 2017 huko Pugu. Waya wake hubeba umeme wa volti 25,000, na treni zake zimekusudiwa kukimbia hadi kilometa 160 kwa saa. Vichwa 17 vya umeme, pamoja na seti 10 za treni zinazojiendesha zenye mabehewa 80 kwa jumla, viliagizwa kutoka Korea ya Kusini. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, na zile za kufika Dodoma zikaanza tarehe 25 Julai 2024. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo.

Hatukuwa wa kwanza. Katika nchi ya Kongo, reli ya Katanga ilianza kutandaziwa waya wa umeme miaka ya 1950. Ethiopia na Jibuti zilizindua reli yao ya umeme mwaka 2016. Jirani zetu wa Kenya walifungua reli yao mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na wao walianza na vichwa vya dizeli. Kila nchi huchagua kwa kadiri ya mfuko wake na umeme wake.

Kuna pia mfano wa zamani unaofundisha. Katika mji wa New York, Marekani, treni za mvuke zilipita katika handaki refu chini ya barabara. Tarehe 8 Januari 1902, moshi na mvuke vilijaa humo hata dereva mmoja asizione taa za ishara, akaigonga treni iliyosimama mbele yake. Watu wasiopungua 15 walikufa. Wananchi walipaza sauti, na sheria ikatungwa ya kupiga marufuku injini za mvuke katikati ya mji kuanzia mwaka 1908. Wenye reli walioshindwa kwa miaka mingi kuona njia ya kuondoa moshi waliiona haraka baada ya kulazimishwa. Tunawapa mfano huo ili mjue kwamba hewa safi mara nyingi huja baada ya watu kuidai kwa utaratibu, kwa hoja na bila kuchoka.

4. Umeme nao hutoka mahali

Sasa tufike kwenye swali gumu. Treni ya umeme haitoi moshi pale inapopita. Je, hakuna moshi unaotoka mahali pengine kwa ajili yake?

Jibu hutegemea kinu kilichozalisha umeme huo. Umeme ukizalishwa kwa makaa ya mawe au mafuta mazito, moshi haukuondolewa. Umehamishwa tu kutoka stesheni kwenda kwa majirani wa kinu. Tanzania, kwa sehemu kubwa, hupata umeme wake kutoka vyanzo viwili: maji na gesi asilia. Gesi haina masizi mengi kama dizeli, lakini inapoungua hutoa hewa ya ukaa inayochangia kuongezeka kwa joto la dunia. Maji hayana moshi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mwaka 2024, na kazi ya mitambo yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu inayovuta treni ya umeme nchini kwetu ni nguvu ya maji.

Lakini maji nayo yana masharti. Mvua ikikosekana, mabwawa hupungua. Sisi tulioishi miaka ya 2006 na 2011 tunakumbuka mgawo wa umeme uliofuata ukame. Tena waya nao una udhaifu wake. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, treni zilisimama njiani kwa sababu ya hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli likaeleza kwamba wanyama na ndege waligusa nyaya. Ngedere na bundi wakatajwa. Watu wengi walicheka. Sisi tunaona kwamba tukio hilo linatufundisha unyenyekevu. Kichwa cha dizeli hubeba nguvu zake chenyewe. Treni ya umeme hutegemea mlolongo mrefu unaoanzia kwenye chemchemi milimani. Kiungo kimoja kikikatika, wote husimama. Ni busara basi vichwa vichache vya dizeli vilivyotunzwa vizuri vibaki kuwa akiba kwa siku ya dharura.

5. Milima yetu na reli

Tulisema kwamba reli imefungamana na milima yetu. Tutazame jinsi maji yanavyotiririka. Sehemu ya maji ya milima ya Rubeho hushuka kuelekea mto Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu hujaza bwawa la Mtera, lenye kinu cha megawati 80, kisha maji hayo hayo huzungusha mitambo ya Kidatu yenye megawati 204. Kutoka huko Ruaha Mkuu huendelea hadi kuungana na Rufiji, na maji yake huingia katika bwawa la Julius Nyerere. Tone la mvua linaloangukia upande huo wa milima laweza kuzalisha umeme mara kadhaa kabla ya kufika baharini. Mwanakijiji aliyeuacha mti usimame kando ya chemchemi amechangia mwendo wa treni ambayo pengine hajawahi kuipanda.

Upande mwingine wa milima, maji hushuka kuelekea Mkondoa na Wami, ambako pia hushuka Kinyasungwe. Huko ndiko reli inakopita. Miti ikikatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba yakilimwa mpaka kwenye kingo, mvua haiingii ardhini. Hushuka kwa hasira ikiwa na mchanga na magogo. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu vibaya njia kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni za abiria kutoka Dar es Salaam zikasimama kwa miezi. Mizigo ikahamia kwenye malori, na moshi ukaongezeka barabarani. Mtaona basi jinsi shoka lililoinuliwa mlimani linavyoweza kuongeza moshi katika mji ulio mbali.

Kutokana na hayo tunasema mambo mawili. La kwanza, sisi wa milimani tuna wajibu: kutunza vyanzo vya maji ni kutunza hewa ya Taifa zima. La pili, tuna dai. Haiwezekani mkulima aambiwe asilime bondeni na asichome mkaa kwa faida ya watu wote, halafu yeye mwenyewe abaki gizani, akipika kwa kuni na kusaga kwa mashine ya dizeli. Anayeombwa kujinyima kwa ajili ya ustawi wa wote lazima ustawi huo umfikie.

6. Nani ananufaika, nani anaachwa

Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Msagali na Igandu, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Hatuwezi kusema juu ya reli katika nchi hii ya kwetu bila kuwakumbuka. Tunawataja hapa kwa sababu msiba ule ulitufundisha kwamba mashine, iwe ya mvuke, ya dizeli au ya umeme, hutaka kutunzwa, na wanaoitunza hutaka kulipwa, kufundishwa na kusikilizwa. Usafi wa hewa usitufanye tusahau usalama wa watu.

Tena yapo mambo manne ya haki ambayo tunawaomba myaangalie.

Jambo la kwanza ni nauli. Mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Kwa mtumishi mwenye mshahara, bei hiyo si kubwa kwa safari ya saa nne hivi. Kwa mama aliyebeba debe mbili za karanga ni swali lingine, kwa maana faida yake yote yaweza kuishia kwenye tiketi.

Jambo la pili ni stesheni. Reli ya zamani ilisimama mahali pengi padogo, na kila mahali treni iliposimama palizaliwa soko. Reli mpya ina stesheni chache zaidi. Upande wetu zimejengwa Kidete, Gulwe na Igandu, lakini treni za haraka hazisimami katika stesheni ndogo. Treni ikipita kwa kasi bila kusimama, mama muuza mayai ameokolewa na moshi, lakini pia amepoteza wateja. Hatuwezi kumwambia ashukuru kwa hewa safi huku watoto wake wakilala na njaa. Treni ya kawaida ya kusimama kila stesheni iendelee kuwepo, na katika stesheni mpya watengewe wauzaji wadogo mahali penye kivuli na maji.

Jambo la tatu ni ardhi. Njia mpya, nguzo za umeme na vituo vya kupozea umeme vinahitaji ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mwananchi ambaye shamba lake limechukuliwa ahifadhi karatasi zake, ahudhurie mkutano wa kijiji, na adai maelezo kwa maandishi. Hewa safi isinunuliwe kwa machozi ya mtu mmoja.

Jambo la nne ni wafanyakazi. Katika karakana za reli wapo mafundi waliotumia maisha yao kuzijua injini za dizeli. Ujuzi wao haupaswi kutupwa pamoja na chuma chakavu. Tumeona kwamba mota za umeme zimo hata ndani ya vichwa vya dizeli. Fundi anayezijua hizo anaweza kufundishwa zile mpya. Mtu aliyevuta moshi kwa miaka thelathini ili nchi isafiri anastahili kuwa wa kwanza kupimwa afya na kupewa mafunzo.

7. Moshi ulio karibu zaidi

Ndugu wapendwa, tungekuwa wanafiki kama tungemaliza mada hii bila kutazama majiko yetu. Kwa mkazi wa Kibakwe, moshi wa treni si moshi unaomdhuru zaidi. Unaomdhuru zaidi hutoka kwenye mafiga matatu, ndani ya nyumba ya tembe yenye paa la chini na tundu moja la kutolea hewa. Chembe zile zile zinazotoka katika dizeli hutoka pia katika kuni mbichi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo wengi. Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa miaka kumi, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia.

Hapa ndipo treni na jiko vinapokutana. Waya ule ule wa gridi unaovuta treni unaweza kuzungusha mashine ya kusaga, ambayo katika vijiji vingi bado inanguruma kwa dizeli mlangoni pa wanawake wanaosubiri zamu. Unaweza pia kupika. Taifa lililoweza kutandaza waya juu ya kilometa mamia za reli linaweza kuufikisha waya mwembamba zaidi hadi kitongojini, na kuufanya umeme huo uwe wa bei ambayo mkulima ataimudu. Tukidai hilo hatuombi hisani. Tunaomba kuhesabiwa.

8. Tufanye nini

Kila jumuiya ikague vyanzo vya maji vilivyo katika eneo lake, na ipeleke taarifa kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Panapokatwa miti kwa mkaa, tusiishie kulaumu. Tuwatafutie wachomaji njia nyingine ya riziki, kwa maana wengi wao ni vijana wasio na kazi.

Kila nyumba iongeze dirisha au tundu la moshi jikoni, ikaushe kuni kabla ya kuziwasha, na ijenge jiko banifu ikiwa haijaweza kununua gesi au umeme. Watoto wachanga wasilazwe karibu na moto.

Wawakilishi wa vijiji waandike barua kwa utaratibu unaokubalika, wakiuliza mambo matatu: ni lini umeme utafika katika vitongoji vilivyobaki, stesheni ya Gulwe itawahudumiaje wakulima wa Kibakwe na mazao yao, na barabara ya kutufikisha huko itapitika lini mwaka mzima. Barua iwe na sahihi za wanawake na vijana, na nakala ibaki kijijini.

Kuhusu vichwa vya dizeli vinavyoendelea kutumika katika reli ya zamani, ambayo bado inahitajika kwa safari za Tabora, Kigoma na Mwanza wakati ujenzi wa reli mpya unaendelea, tunaomba vitengenezwe kwa wakati, vizimwe vinapongoja kwa muda mrefu, na wafanyakazi wapewe vifaa vya kujikinga. Haya hayangojei bwawa wala waya. Yanaweza kuanza kesho asubuhi.

Wazee wetu waliliita gari la moshi kwa sababu hawakuwa na la kuchagua. Sisi tunalo. Kipimo chetu kiwe yule mama wa Gulwe na mwenzake wa Kibakwe: siku wote wawili watakapovuta hewa isiyo na masizi, mmoja stesheni na mwingine jikoni, na riziki zao zikiwa salama, ndipo tutakaposema kwamba badiliko hili limekuwa la haki.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, ni moshi upi unaodhuru watu wengi zaidi, na ni nani wanaouvuta?

2. Ni chemchemi au mito ipi imepungua maji katika miaka ya maisha yetu? Sababu zake ni zipi?

3. Tangu safari za treni ya umeme zianze, biashara ya mazao yetu imebadilika kwa namna gani, kwa wema au kwa ubaya?

4. Je, wapo miongoni mwetu au ndugu zetu waliochukuliwa ardhi kwa ajili ya reli au nguzo za umeme? Haki yao imetimizwa?

5. Ni jambo gani moja ambalo jumuiya yetu inaweza kulifanya kabla ya masika yajayo?